Shajara ya mradi: vihisi vya mwanga ndani ya ngozi ya boti

Boti tunayoijenga hapa Kigamboni, Dar es Salaam, ina urefu wa mita 9. Ganda lake ni la faiba ya kioo na rizini ya poliesta, na kazi yake itakuwa kupeleka barafu kwa wavuvi na kurudi soko la Feri na samaki. Ndani ya ganda hilo tunazika nyuzi mbili za faiba ya mwanga, jamii moja na ile inayopitisha intaneti, ili tujue boti inavyoumia kabla jicho halijaona kitu. Shajara hii nawaandikia mafundi wa boti, wanafunzi wa uhandisi na yeyote anayetaka kujaribu kazi kama hii, kwa hiyo baadhi ya mambo nitayaeleza kwa kirefu.

Chuma kikigongwa kinabonyea, na mbao ikipasuka unaiona. Kompositi haiko hivyo. Ganda la matabaka ya faiba na rizini likipigwa na gogo linaloelea, nje linaweza kubaki linang'aa huku ndani matabaka yameachana kwa upana wa kiganja. Wajenzi wa ndege wanalijua tatizo hili vizuri, maana karibu nusu ya uzito wa muundo wa Boeing 787 ni kompositi, na spana ikianguka juu ya bawa haipuuzwi hata kama alama yake haionekani. Kwa upande wa bahari, Norwe walitangulia. Taasisi yao ya utafiti wa ulinzi, FFI, ilishirikiana na maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani kufunga vihisi vya mwanga kwenye KNM Skjold, boti ya kivita yenye ganda la kompositi iliyoshushwa majini mwaka 1998. Ile inapita kasi ya noti 50, yaani kama kilomita 93 kwa saa. Yetu itabeba barafu, lakini wimbi linalopiga tumbo la boti halichagui.

10 Februari

Vihisi vimefika, na leo tumeviwasha vyote mezani.

Kila kimoja ni gretini ya Bragg: kipande cha milimita 10 ndani ya faiba ambacho kimechorwa, kwa mwanga wa urujuanimno, mistari isiyoonekana kwa macho inayofuatana kwa nafasi ya takriban nanomita 535 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ukipitisha mwanga wenye mawimbi ya urefu mbalimbali, gretini inarudisha urefu mmoja tu na kuuachia mwanga uliobaki upite. Urefu unaorudi unaupata ukichukua nafasi ya mistari, ukaizidisha kwa mbili, kisha ukazidisha kwa kipimo cha jinsi kioo kinavyopunguza kasi ya mwanga, ambacho hapa ni karibu 1.447. Jibu ni kama nanomita 1,550. Faiba ikivutwa, mistari inaachana na wimbi linalorudi linarefuka. Ikibanwa, linafupika.

Tunachopima kinaitwa streni, yaani kitu kimerefuka au kufupika kwa kiasi gani kikilinganishwa na urefu wake. Mita moja ikirefuka kwa sehemu moja ya milioni ya mita, hiyo ni maikrostreni 1, na gretini zetu zinaijibu kwa kusogeza wimbi pikomita 1.2 hivi (pikomita ni sehemu moja ya elfu ya nanomita). Kisomaji, yaani kifaa kinachopima wimbi linalorudi, tulichoazimwa na chuo kikuu, kinatofautisha hadi pikomita 1, kwa hiyo kwa upande wa wepesi wa kuhisi hatuna shida.

Kwamba mwanga wenyewe unaweza kuchora gretini ndani ya kioo kuligunduliwa na Ken Hill na wenzake Ottawa, Kanada, mwaka 1978. Wakati ule gretini ilikubali urefu wa wimbi wa leza iliyoichora tu. Mwaka 1989 Gerald Meltz na wenzake kule Marekani wakaonyesha namna ya kuichora kutoka ubavuni mwa faiba, kwa urefu wowote unaoutaka. Bila hatua hiyo tusingeweza kupanga vihisi vingi kwenye uzi mmoja kama tunavyofanya sasa: sita kwenye uzi wa ngozi ya boti na sita kwenye uzi wa mataruma, yaani mbavu za ndani zinazoiimarisha ngozi, kila kimoja na wimbi lake, 1525, 1535, 1545 na kuendelea hadi 1575. Kisomaji kinatambua nani anajibu kwa kuangalia wimbi. Nafasi ya nanomita 10 kati yao inatosha hata kihisi kikivutwa maikrostreni 3,000, maana kitasogea nanomita 3.6 tu na hakitamkanyaga jirani yake.

Tumeulizwa kwa nini hatutumii vipimo vya umeme vya kubandika, vilivyo rahisi zaidi. Kila kipimo cha umeme kinadai nyaya zake, nyaya zinadai maungio, na maungio ndani ya boti ya maji chumvi hayana maisha marefu. Injini na redio nazo zinaingiza kelele kwenye vipimo. Kioo hakishiki kutu wala hakisikii umeme.

22 Februari

Siku ya kuunga. Tumemkaribisha kijana anayefunga intaneti ya faiba majumbani, akaja na mashine yake ya splaisi kwenye begi. Dar es Salaam haina uhaba wa mikono ya aina hii. Tangu kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Julai 2009, na nyingine zikafuata, vijana wengi wamejifunza kumenya, kukata na kuunga kioo chembamba cha maikromita 125 bila kutetemeka. Mradi wetu unakula matunda ya ufundi huo.

Nilimwangalia kwa karibu. Anaimenya faiba, anaipangusa kwa spiriti mpaka kitambaa kinalia, anaikata kwa kisu cha almasi, anailaza kwenye mifereji miwili ya mashine. Kwenye kioo cha mashine ncha mbili zinasogeleana zenyewe, cheche inaruka, na palipokuwa na mwanya hapaonekani tena. Upotevu uliosomeka ulikuwa desibeli 0.02. Akaniuliza, "Sasa hii bosi, data yake inaenda wapi?" Nilipomwambia haipitishi data ya mtu, inapima boti, alikaa hadi jioni akitazama wimbi likisogea kila alipoigusa faiba kwa kidole.

Ncha za kuunganishia tumechagua zile za kijani, zilizosuguliwa kwa pembe ya digrii 8. Ncha iliyokatwa sawasawa inarudisha mwanga wake yenyewe, na mwanga huo unachanganyika na jibu la gretini.

9 Machi

Kabla ya kugusa boti tumetengeneza vipande vya majaribio kwa mati na rovingi zilezile za boti, yaani vitambaa vya faiba ya kioo, unene milimita 8, kila kimoja na gretini moja ndani yake. Tumevilaza juu ya vyuma viwili vilivyo milimita 400 kutoka kimoja hadi kingine, kisha tukakandamiza katikati.

Hesabu ya streni ya juu kabisa ya uso ni mara sita, mara unene, mara mbonyeo, gawanya kwa mraba wa nafasi kati ya vyuma. Kwa mbonyeo wa milimita 4 unapata maikrostreni 1,200. Gretini haiko usoni; iko milimita 3 kutoka katikati ya unene, ambao nusu yake ni milimita 4, kwa hiyo inastahili robo tatu: 900. Wimbi lilipaswa kusogea pikomita 1,080, na vipande vyetu vyote vilisogea karibu na hapo.

Kimoja kilibaki nyuma kidogo kila mara. Tulipokikata na kukitazama kwa hadubini tukaona sababu. Faiba ya mwanga ilikuwa imelala ikikatiza nyuzi za rovingi, na pembeni mwake rizini ilikuwa imejikusanya kwenye uwazi wenye umbo la jicho. Ikilala sambamba na nyuzi za rovingi, inazama katikati yao na rizini inaizunguka vizuri. Ikizikatiza, zinainuliwa juu yake na kuacha lile jicho, ambalo mbali ya kuharibu kipimo ni mahali ufa unapoweza kuanzia. Kanuni yetu tangu leo: faiba ya mwanga inafuata mwelekeo wa nyuzi za tabaka inayolalia, hata kama njia itakuwa ndefu.

Kanzu ya faiba nayo ina uzito wake. Akriliki ya kawaida ya intaneti ni laini, na streni inapopita kutoka kwenye rizini kwenda kwenye kioo sehemu yake inaishia hapo. Gretini zetu zina kanzu ya poliimaidi, ngumu na nyembamba, inayoshika vizuri zaidi. Ni ghali, lakini hapa singeshauri mtu abane matumizi.

4 Aprili

Masika imeanza. Poliesta haipendi unyevu, kwa hiyo tumesubiri asubuhi kavu. Leo tumelaza uzi wa ngozi.

Mzee wetu wa kalibu, ambaye amemwaga maboti tangu mimi sijazaliwa, aliishika faiba kati ya vidole akaigeuza mara mbili. "Mwanangu, hii itastahimili rola?" Nikamwambia, "Mzee, itastahimili ukiipitisha kwa urefu wake, sio kuikatiza." Akaagiza vijana wote waweke rola chini, akaifanya sehemu ile kwa mkono wake mwenyewe, akisukuma viputo vya hewa taratibu kutoka omo (mbele) kuelekea tezi (nyuma). Sijaona maabara yenye mkono kama ule, na naamini nusu ya mafanikio ya mradi huu yalipatikana asubuhi ile.

Tuliacha kisomaji kikiandika wakati rizini inaganda. Mwanzoni, rizini ikiwa bado majimaji, wimbi lilikuwa limetulia. Baadaye joto la mmenyuko wa hadina (kigandishi cha rizini) likapanda na wimbi likarefuka pamoja nalo. Kisha rizini ikashika, ikaanza kupoa na kusinyaa, na wimbi likashuka hadi likapita chini ya pale lilipoanzia. Poliesta hupoteza asilimia 5 hadi 8 ya ujazo wake inapoganda, na gretini iliyomo ndani inabanwa pamoja nayo. Kwa hiyo kila kihisi kinaanza maisha yake kikiwa kimebanwa. Hilo halidhuru, alimradi uandike wimbi la baada ya kuganda kuwa ndio sifuri yako. Tumeandika zote sita ukutani kwa rangi, na kwenye kompyuta vilevile.

19 Aprili

Mataruma yamebandikwa na uzi wa pili umelala juu yake. Mvua ilikatisha kazi kati ya ngozi na mataruma, kwa hiyo ngozi ilikaa wazi karakanani kwa muda kabla ya kubandikiwa. Ilisuguliwa kwa grenda kabla ya kuendelea.

28 Aprili

Boti imetoka kwenye kalibu. Kabari moja iliteleza wakati wa kuibandua ikaipiga faiba ya ngozi pale inapotoka upande wa omo, na ikakatika.

Mahali faiba inapotoka kwenye ganda ndipo inapokufa. Ndani ya rizini iko salama, nje ya ganda unaweza kuikinga, lakini kwenye mpaka rizini ngumu inaibana upande mmoja na upande wa pili inaning'inia, na pigo dogo linatosha. Tulikuwa tumeivalisha kijibomba cha tefloni kilichozama sentimita kadhaa ndani ya tabaka, na bado kabari ilishinda. Kilichotuokoa ni kwamba kila uzi tuliutoa ncha zote mbili, omo na tezi. Gretini inarudisha mwanga upande wowote ule unakotoka, kwa hiyo tumehamishia kisomaji kwenye ncha ya tezi na vihisi vyote sita vya ngozi vinajibu kama kawaida. Atakayefuata nyayo zetu asitoe ncha moja tu.

17 Mei

Wiki hizi nimezitoa zote kwa joto. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na nataka liwe wazi.

Gretini haijui tofauti kati ya kuvutwa na kupashwa moto. Ikiwa peke yake, nje ya rizini, inasogea pikomita 10 hivi kwa kila nyuzijoto moja. Tukadhani ndani ya ngozi itakuwa hivyohivyo. Tulipoipima tukapata pikomita 36. Kioo cha faiba ya mwanga hutanuka kidogo sana kwa joto, lakini ganda la mati na poliesta hutanuka mara nyingi zaidi, na linapotanuka linaiburuta faiba iliyomo. Kwa hiyo jibu la ndani ya ganda ni la mambo mawili: joto la kioo chenyewe, na mvuto wa ganda linalotanuka.

Tazama uzito wake. Boti ikiwa juu ya magogo uwanjani, ubavu uliopigwa na jua la saa nane mchana ulifika nyuzijoto 46. Alfajiri ulikuwa 27. Tofauti ya nyuzijoto 19, mara 36, ni pikomita 684. Ukizisoma kama streni utapata maikrostreni 570, na hakuna aliyeigusa boti.

Kuna kihisi cha kumi na tatu, ambacho kiko kwenye kifaiba chake kifupi, kimelegea ndani ya kijibomba kilichozibwa na kubandikwa upande wa ndani. Hakivutwi na chochote, kinasema joto tu. Kinasaidia, lakini kinajua joto la mahali pake, sio la ubavu ule ambao jua limeuelekea. Tukiwa na kihisi cha joto kwa kila kihisi cha streni gharama inakuwa mara mbili.

Njia tuliyoifuata inategemea wakati. Joto la ganda linapanda kwa dakika na saa. Pigo la wimbi linaanza na kuisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwa hiyo kwa kila kihisi tunachukua wastani wa polepole, tunautoa, na kinachobaki ni mapigo matupu, jua liwe kali au mawingu. Wastani wa polepole hatuutupi. Tunautunza pembeni kwa ajili ya mizigo inayokaa, kama tani ya barafu, na huo ndio tunaousahihisha kwa kihisi cha joto. Ndani ya maji kazi inakuwa nyepesi zaidi, kwa sababu tumbo la boti linachukua joto la bahari, na bahari ya Dar es Salaam haiendi mbali na nyuzijoto 25 hadi 29 mwaka mzima.

8 Juni

Jaribio la pigo, kwenye kipande cha ngozi kilichomwagwa siku moja na boti. Tumeangusha chuma cha kilo 5 chenye ncha ya mviringo kutoka mita 1, nishati ya juli 49.

Nje, jelikoti (tabaka la juu linalong'aa) ilibaki na alama ambayo ungeipita bila kuiona. Tulipokigeuza na kukishika kinyume cha taa, doa jeupe lilionekana ndani yake, takriban sentimita 6 upana, mahali matabaka yalipoachana. Mzee akachukua sarafu akagonga kuanzia pembeni. Ti, ti, ti, kisha to. Akachora mpaka kwa penseli bila kutazama taa. Mstari wake na doa havikupishana zaidi ya upana wa kidole.

Gretini iliyokuwa sentimita 2 kutoka pigo ilibaki imesogea, yaani ganda halikurudi lilivyokuwa. Ile ya sentimita 20 haikuonyesha lolote. Hili lazima lisemwe wazi kwa sababu wauzaji wa vihisi hawalisemi kwa sauti: gretini inajua habari za mahali pake tu. Zipo njia za kusoma faiba nzima kwa urefu wake, kwa kutumia mwanga mdogo unaotawanyika ndani ya kioo chenyewe, mtawanyiko unaoitwa Rayleigh au Brillouin, na faiba ya kawaida kabisa inatosha kwa kazi hiyo. Lakini visomaji vyake ni ghali kuliko boti yetu, na vile vyenye kuona milimita kwa milimita si vyepesi wa kufuata pigo la wimbi.

Basi tukaja na swali jingine. Badala ya kumwinda mwenye jeraha, tuangalie jinsi mzigo unavyogawanywa. Ngozi na taruma vinabeba pigo kwa pamoja. Taruma likiwa limeshikana vizuri na ngozi, sehemu yake ya mzigo inajulikana. Likianza kuachana, sehemu yake inapungua na ngozi inabeba zaidi. Vihisi vyetu viko jozi jozi, kimoja cha ngozi na kimoja cha taruma la karibu. Kwa kila pigo tunagawanya kilele cha taruma kwa kilele cha ngozi. Pigo liwe dogo au kubwa, uwiano unapaswa kubaki palepale. Hatuhitaji kujua uzito wa wimbi, na joto limeshatolewa.

6 Julai

Kusi imekaza, na ndio wakati tulioungoja. Tumetoka hadi nje ya kisiwa cha Mbudya, mlango wa bahari wa Unguja ukiwa na mawimbi mafupi yaliyosimama. Kisomaji kiko kwenye sanduku lililofungwa mpira, kinakula betri ya volti 12, kinaandika mara 1,000 kwa sekunde. Kasi hiyo si anasa. Tulipojaribu kusoma mara 10 kwa sekunde, mapigo makali yalipita katikati ya vipimo na boti ikaonekana imetulia, wakati sisi wenyewe magoti yalikuwa yanauma. Kwa vihisi 12 na baiti 8 kwa kila kipimo, saa moja ya bahari inajaza megabaiti 346 hivi, kwa hiyo tunatunza mapigo yenyewe na muda mfupi kabla na baada yake, mengine tunayafupisha.

Nahodha anaijua boti kwa nyayo. Kila alipoona wimbi linalokuja alitamka "hili" au "hapana", na kila aliposema "hili" jozi ya pili na ya tatu kutoka omo zilipanda juu ya wenzao wote. Kilele kikubwa cha ngozi kilikuwa karibu na maikrostreni 1,400. Kikomo tulichojiwekea ni 2,500, maana nyufa ndogo za rizini huanza mapema sana kabla ganda halijavunjika.

Mapigo tunayahesabu kwa njia ya Tatsuo Endo na M. Matsuishi wa Japani, ya mwaka 1968, inayogeuza mstari uliovurugika wa streni kuwa mizunguko iliyopangwa kwa ukubwa. Boti haichoshwi na pigo moja kubwa peke yake. Inachoshwa na jumla.

10 Agosti

Uwiano wa jozi ya tatu unashuka. Tangu boti iingie kazini ulikuwa unazunguka 0.6. Mwishoni mwa Julai ulikuwa 0.55, leo ni 0.42. Jozi nyingine tano hazijatikisika. Kilele cha ngozi cha jozi hiyo kimepanda kwa mapigo ya ukubwa uleule, kilele cha taruma kimeshuka. Hiyo ndiyo sura tuliyoitarajia kama taruma linaachia.

Nahodha hajahisi lolote, na boti haiingizi maji. Mwenye boti aliuliza kama ni lazima kuipandisha wakati samaki wapo. Tulimwonyesha mstari unavyoshuka kwa wiki, akakubali siku hiyohiyo. Namshukuru sana.

13 Agosti

Boti iko juu. Mzee ameingia ndani na sarafu, na hatukumwambia jozi gani ina shida. Alianza tezi, akapanda polepole. Kwenye taruma la tatu kutoka omo, upande wa kushoto, mlio ukabadilika, akagonga tena mbele na nyuma, akasema, "Hapa hapajashika." Kisu chembamba kiliingia kati ya taruma na ngozi kwa urefu wa sentimita 30 hivi. Kihisi cha ngozi cha jozi ya tatu kiko chini ya mwanya huo.

Uso wa ngozi uliokuwa chini ya mwanya ulikuwa laini na unang'aa, nyuzi hazikuchanika. Maana yake rizini ya taruma haikuwahi kuungana na ya ngozi pale. Ilikaa juu yake tu. Ni sehemu ile iliyosubiri wakati wa mvua mwezi wa nne. Poliesta ikishaganda na kupata unyevu, grenda lazima ishuke hadi nyuzi zionekane, na kwenye kona ya taruma hilo diski haifiki vizuri.

31 Agosti

Tumekata sehemu iliyoachia, tumesugua hadi kwenye nyuzi, tumekausha kwa taa usiku kucha, tumebandika upya kwa matabaka yaliyotanuliwa pande zote mbili. Faiba ya taruma ilibidi ikatwe na kuungwa tena. Kijana wa intaneti alikuja na mashine yake, akakataa nauli.

Leo bahari ilikuwa na kusi ya wastani. Jozi ya tatu imesoma 0.63. Imepita kidogo ile ya zamani kwa kuwa matabaka yameongezeka, kwa hiyo tumeifutia sifuri ya Aprili na kuiandikia mpya.

7 Septemba

Boti ya pili imeshaagizwa. Mabadiliko tuliyokubaliana na Mzee ni haya: jozi mbili zinahama kutoka katikati kwenda kwenye ukuta wa tezi, kuzunguka boliti za injini, mahali ambapo yeye amekuwa akirekebisha maboti ya wengine kwa miaka yote. Vijibomba vya kutokea vitaingia kwenye visanduku vilivyozama ndani ya ganda, kabari isivifikie. Mataruma yatabandikwa siku moja na ngozi, rizini ikiwa bado inanata, na kama mvua itatishia hatutaanza ngozi kabisa. Kisomaji kinarudi chuoni mwisho wa mwezi, nasi tumeomba tukipate tena kabla ya kaskazi kuanza.